Kuzalisha multi nyumbani: sikilidi wa Tanganyika anayelea watoto ndani ya gamba la konokono

Ziwa Tanganyika lina kuhe, ambaye hufika sentimita 80 na kutosha kitoweo cha familia nzima. Katika ukoo huohuo lina samaki ambaye dume lake halizidi sentimita 5 na jike lake hufika kama sentimita 3 na nusu. Wote ni sikilidi, ndugu wa sato na perege tunaowala, na wa furu wa Ziwa Viktoria. Huyo mdogo jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, na wafugaji wa samaki wa mapambo humwita multi. Ana mistari ya kahawia iliyosimama wima ubavuni na jicho lenye rangi ya buluu linalong'aa taa ikiwashwa. Maisha yake yote yanazunguka gamba tupu la konokono: humo hulala, humo hujificha, humo hutaga.

Kwa mtu anayetaka kuona sikilidi wakizaliana nyumbani kwa mara ya kwanza, nampendekeza huyu. Hahitaji tangi kubwa, hana tabia ya kula watoto wake, na kizazi cha kwanza huendelea kuishi na wazazi wakati cha pili kinazaliwa. Kuzaliana watazaliana wenyewe. Wewe unaandaa mahali, unatunza maji, na unazuia mkono wako usiwasumbue. Wengi hushindwa kwenye hilo la mwisho.

Hatua ya 1: Tangi na vifaa

Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huingia lita 54 likijaa kabisa, na linatosha kundi la samaki sita pamoja na watoto wao wa mwanzo. Multi huishi chini, karibu na mchanga, kwa hiyo kinachohitajika ni sakafu pana. Tangi jembamba lililorefuka kwenda juu halina faida kwao.

Ukimwendea fundi wa vioo badala ya dukani, mweleze mambo mawili kabla hajaanza kukata. Kioo kisipungue milimita 5, na silikoni iwe ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni mara nyingi huwa na dawa hiyo, nayo ni sumu kwa samaki. Akimaliza, liache wiki nzima likauke, kisha lijaze maji uani na ulitazame siku mbili kama linavuja. Likishawekwa mchanga na maji litazidi kilo 70, kwa hiyo meza iwe imara na imelala sawasawa.

Filta iwe ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni ya bei nafuu, na haiwezi kumeza kifaranga wa milimita 5. Filta zinazonyonya kwa nguvu huwameza, na utashangaa kwa nini watoto wanapungua kila siku bila kuona maiti.

Joto linalowafaa ni nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura unaweza usihitaji hita sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi, Arusha, Mbeya na Kigali utaihitaji, na ya wati 50 inatosha. Aliyeko Muscat au Dubai ana tatizo la kinyume: maji yakipita nyuzi 30 hewa ndani yake hupungua, kwa hiyo tangi likae kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Hatua ya 2: Mchanga na magamba

Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita 5 hadi 7. Multi ni wachimbaji wakubwa kuliko umbo lao. Huchota mchanga kwa mdomo, huenda kuutema pembeni, na hurudi kuchota tena mpaka gamba limezama na kubaki mdomo wake tu. Mchanga wa mtoni unafaa ukiuchekecha na kuuosha kwenye beseni mpaka maji yatoke meupe. Kabla ya kuuosha, chukua kiganja kimoja na ukidondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa ndani yake, na hiyo ni habari njema hapa. Mchanga wa namna hiyo hukataliwa na wanaofuga samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, lakini kwa samaki wa Tanganyika unasaidia kuyashikilia maji yasigeuke kuwa na asidi.

Kule ziwani magamba wanayotumia ni ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, asiyepatikana katika ziwa jingine lolote. Konokono akifa gamba lake halimomonyoki upesi, kwa sababu maji ya ziwa hilo yamejaa madini ya chokaa. Matokeo yake, kuna sehemu za sakafu ya ziwa zilizofunikwa na magamba matupu kwa eneo kubwa, na jamii kadhaa za sikilidi zimejifunza kuishi humo. Mmoja wao, Lamprologus callipterus, dume lake hubeba magamba kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja ili majike waje kutaga, na dume hilo huwa na uzito unaozidi mara 12 ule wa jike. Yeye hatoshi kwenye tangi hili, lakini ukimwelewa unaelewa jinsi gamba lilivyo mali huko chini.

Sisi tuna bahati: konokono wakubwa wa nchi kavu, ambao asili yao ni ukanda huu huu wa Afrika Mashariki, wamejaa mashambani na magamba yao matupu yanaokotwa bure baada ya mvua. Tafuta yenye urefu wa sentimita 3 hadi 5, ambayo mdomo wake ncha ya kidole gumba inaweza kuingia. Yaliyopasuka au yenye kingo kali yaache. Ya baharini sikushauri: mengi yana njia nyembamba inayombana samaki, na kaa wa pwani wanayahitaji zaidi yetu.

Yachemshe dakika 15, yasugue kwa mswaki wa zamani, kisha yaloweke kwenye ndoo na kubadilisha maji kila siku mpaka yasinuke chochote. Harufu ikibaki, ujue kuna nyama imekwama kule ndani kwenye msokoto, nayo itaoza tangini. Kwa kila samaki weka magamba matatu au zaidi. Unapoliingiza gamba majini, ligeuzegeuze mdomo ukiwa juu mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kitoke, kisha lilaze juu ya mchanga. Usijisumbue kulifukia, kwani wenyewe watalipanga upya usiku wa kwanza.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yaani yenye madini mengi, na yana pH inayokaribia 9. pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri inavyopanda juu ya hapo ndivyo maji yanavyokuwa mbali na asidi. Multi waliozaliwa matangini wanaridhika na pH ya 8 hadi 8.5, ila wanataka isiyumbeyumbe. Nunua kipimo cha pH na cha amonia, kwa sababu macho hayawezi kukuambia lolote kuhusu vitu hivi.

Maji ya visima vya pwani, kwenye ardhi ya mawe ya chokaa, mara nyingi tayari ni magumu. Ya mvua na ya mito ya milimani ni laini na yanahitaji kuongezewa. Soda ya kuokea, ile bikaboneti inayouzwa dukani, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 50 hupandisha ugumu wa kaboneti, ule unaoshikilia pH isiyumbe, kama digrii 4. Chumvi ya Epsom, kiasi hichohicho, huongeza ugumu wa jumla kama digrii 2. Koroga kwenye ndoo kwanza, pima, na upandishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Magadi usitumie hata kama yako jikoni: hupandisha pH kwa kishindo na huwa na floridi nyingi.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huku jiwe la hewa likipuliza, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, kukaa wazi hakutoshi na dawa ni lazima.

Hatua ya 4: Acha tangi liive

Hapa ndipo haraka huua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huishi kwenye sponji na mchanga, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Katika kipindi hicho washa filta, tia chembe chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, na pima. Amonia na naitraiti zikipanda kisha zikarudi sifuri, tangi limeiva. Ukipata kipande cha sponji kutoka kwenye tangi la rafiki lisilo na ugonjwa, muda huu hupungua sana.

Kwa samaki wa maji ya pH ya juu hatua hii ina uzito wa pekee. Amonia ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara sana, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inafika asilimia 36 hivi. Kosa lileile la kulisha kupita kiasi ambalo samaki wa maji laini wangelivumilia, multi hawalivumilii.

Hatua ya 5: Kuwanunua na kuwaingiza

Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha wakiwa wadogo. Nunua sita hadi wanane wachanga kutoka kundi moja, na uwaache wakue na kujichagulia. Baadaye dume mkubwa atajitokeza kwa umbo. Chagua wanaochangamka na kukimbilia gambani unaposogeza mkono, wenye tumbo lisilobonyea na mapezi yasiyobana mwilini.

Ukifika nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20 ili joto lilingane. Kisha ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi mfukoni kila dakika 10 kwa muda wa saa moja. Watoe kwa wavu, na maji ya mfukoni yamwage nje. Zima taa siku hiyo. Asubuhi utakuta kila mmoja ameshika gamba lake na mashimo yameanza kuchimbwa. Kuanzia hapo usiyahamishe magamba. Kila jike analijua lake na mpaka wake na jirani, na ukivuruga ramani hiyo ugomvi huanza upya na kutaga husimama.

Hatua ya 6: Kujua kwamba wametaga

Mayai huwezi kuyaona, kwa kuwa yamo ndani kabisa ya msokoto. Utasoma tabia. Jike tumbo lake hujaa na kuwa na rangi ya njano kidogo, husafisha mlango wa gamba, na hujitikisa mbele ya dume. Akishaingia na kutaga, dume huja mlangoni na kumwaga manii yake hapo. Baada ya hapo jike hatoki mbali. Utamwona amekaa nusu ndani nusu nje, akipepea mapezi ili maji mapya yaingie kwa mayai, na akimfukuza hata samaki mwenye ukubwa mara mbili yake. Akikushambulia kidole unaposafisha kioo, hongera.

Wiki moja hadi siku kumi baadaye, piga magoti mbele ya tangi na tazama kwa subira kwenye ukingo wa gamba, mwanga ukitoka upande. Kifaranga ana milimita 4 au 5, mwili wake unaonyesha upande wa pili kama kioo, na utakachokiona kwanza ni macho mawili meusi yaliyotulia juu ya mchanga. Ukisogea tu yametoweka. Mara nyingi huwa kumi na kitu kwa uzao mmoja, na uzao wa kwanza unaweza kuwa wa watano tu. Usihofu, majike wachanga huanza hivyo.

Usiwatoe vifaranga kuwapeleka tangi jingine. Kwa sikilidi wengine huenda ikabidi, hasa wale wa Ziwa Nyasa ambao jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu au zaidi bila kula na mwishowe hutema watoto katikati ya samaki wenye njaa. Multi mama yao ni mlinzi bora kuliko kisanduku chochote cha wavu, na kaka na dada wakubwa wanavumiliwa palepale.

Hatua ya 7: Chakula cha vifaranga

Samaki wakubwa hula chakula kikavu kilichosagwa na vijidudu vilivyogandishwa. Vifaranga wanataka kitu kinachotembea. Kilicho bora ni Artemia waliototolewa siku hiyohiyo, vijidudu wa jamii ya kamba ambao mayai yao makavu huuzwa kwenye makopo.

Chukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze kichwa chini na kifuniko kimefungwa barabara. Tia lita moja ya maji yenye gramu 25 za chumvi ya bahari, yaani kijiko kimoja na nusu cha chakula. Aliye pwani achanganye maji safi ya bahari mafungu mawili na maji yasiyo na chumvi fungu moja, atapata karibu kiasi hicho. Tia nusu kijiko cha chai cha mayai, shusha mpira wa hewa hadi chini upulize kwa nguvu, na weka taa karibu. Kwenye nyuzi 27 watatotolewa baada ya saa 24 hadi 36.

Zima hewa na subiri dakika 10. Maganda yataelea, na vijidudu wa rangi ya chungwa watashuka chini. Wanafuata mwanga, kwa hiyo tochi iliyoelekezwa chini ya chupa huwavuta pamoja. Wanyonye kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa cha pamba chenye nyuzi zilizobanana, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na uwalishe mara moja. Kiini walichozaliwa nacho ndicho lishe, nacho huisha kadiri saa zinavyokwenda.

Ukiwamwaga juu ya tangi wataliwa na wakubwa kabla hawajafika chini. Tumia bomba la sindano la duka la dawa, la mililita 20, bila sindano yenyewe. Lichomeke kipande cha mpira wa hewa, ushushe ncha hadi sentimita mbili kutoka mlango wa gamba, na ubonyeze taratibu. Utaona wingu la chungwa linatanda, na vifaranga waliokuwa hawaonekani wanajitokeza mmoja mmoja kudokoa. Baada ya dakika chache matumbo yao yanageuka kuwa vidoa vya chungwa, na hapo unajua nani ameshiba na nani bado. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo.

Ukikosa Artemia, saga chakula kikavu kwa vidole mpaka kiwe vumbi, ukiloweke kidogo na ukipeleke kwa njia ileile. Watakua, ila polepole zaidi. Kiini cha yai la kuku na unga wa dagaa viache: huoza upesi na kwenye pH hii gharama yake umeshaisoma.

Hatua ya 8: Kubadilisha maji

Asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, yenye joto na pH ileile, yaingizwe kwa mpira mwembamba wa hewa ili yatiririke taratibu. Kumwaga nusu tangi kwa mara moja huwashtua vifaranga kiasi cha kuwaua. Unaponyonya uchafu juu ya mchanga, funika mdomo wa mpira kwa soksi nyembamba na upeleke maji kwenye ndoo nyeupe, kisha uikague ndoo kabla ya kumwaga. Sponji ya filta ikamue kwenye maji hayohayo uliyotoa. Ukiiosha bombani, klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki sita.

Umeme ukikatika, acha kulisha mpaka urudi, na uwe na pampu ndogo ya betri. Sponji ikikaa saa nyingi bila maji kupita ndani yake bakteria hufa, kwa hiyo baada ya katizo refu pima amonia kabla ya kurudisha chakula.

Hatua ya 9: Kundi likijaa

Ndani ya mwaka mmoja sakafu inaweza kuwa imejaa. Dalili ni mapezi yaliyochanika na vijana wanaobanwa kwenye pembe za juu. Kwanza ongeza magamba kwenye upande usio na mtu. Ikishindikana, punguza wale waliofika sentimita 2.

Waliozidi wasimwagwe mtoni wala ziwani, hata kama ni Ziwa Tanganyika lenyewe, kwa sababu samaki wa tangini anaweza kubeba ugonjwa. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na jamii nyingi za furu zimetoweka tangu hapo. Wape au wauzie wafugaji wengine, na mbadilishane ili damu isizunguke kwa ndugu tu.

Kuwakamata kwa wavu ni kuvuruga nyumba nzima. Sogeza mkono, subiri kijana akimbilie gambani, kisha litoe gamba zima mdomo ukiwa juu na maji yakiwa yamejaa ndani. Lishike kwenye bakuli la maji mdomo ukielekea chini, bila kulitikisa, naye atatoka mwenyewe baada ya dakika kadhaa. Gamba lirudishe palepale ulipolitoa. Siku moja kabla ya safari usiwalishe, ili wasichafue maji njiani. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ukae ndani ya ndoo yenye kifuniko, na anayewapokea mpe pia magamba matatu manne ya tangini kwako pamoja na karatasi yenye pH na joto la maji waliyozaliwa.